Mwanafunzi wa uuguzi asiachwe peke yake wodini: tamko la wauguzi wasimamizi wa Rungwe

Kwa wananchi wa Rungwe na Busokelo, kwa uongozi wa halmashauri, waganga wafawidhi na wauguzi viongozi wa hospitali, kwa wakuu wa vyuo vya uuguzi, kwa wazazi, na kwa wanafunzi wenyewe.

Sisi wauguzi wa wodi za magonjwa ya ndani na za upasuaji wilayani Rungwe, ambao pamoja na kuhudumia wagonjwa tunawapokea na kuwasimamia wanafunzi wanaokuja kujifunza kwa vitendo, tumekaa kupitia chama chetu, tumejadiliana kwa kirefu, na tumekubaliana kutoa tamko hili hadharani. Hatumshtaki mtu, na hakuna chuo wala hospitali tunayoinyooshea kidole. Tunayoyasema yapo katika wodi nyingi za nchi hii, na yeyote aliyewahi kushika zamu atayatambua.

Tunatamka kwamba uuguzi wa magonjwa ya ndani na upasuaji hufundishwa kando ya kitanda cha mgonjwa, na mwalimu wake mkuu ni muuguzi wa wodi. Muuguzi huyo apewe muda wa kufundisha na atambuliwe kuwa ni mwalimu. Na mwanafunzi aondolewe kabisa katika hesabu ya watumishi wa zamu.

Mgonjwa anayelazwa katika hospitali za Makandana, Igogwe, au upande wa Busokelo kule Itete, huwaona vijana wenye sare zilizopigwa pasi, saa ya kubandika kifuani na kitabu kidogo mfukoni. Wazee huwaita wote "daktari", na wengine huwaita "nesi". Ni wanafunzi. Tukuyu ina chuo cha uuguzi cha serikali, na kwa kuwa vyuo vya afya hupokea waombaji wa nchi nzima, kijana aliyemaliza kidato cha nne Kigoma au Tanga anaweza kujikuta kwenye mvua ya Rungwe akiwa na sweta moja. Aliingia kwa ufaulu wa masomo ya sayansi: Biolojia, Kemia na Fizikia. Atasoma miaka mitatu hadi stashahada, akipanda ngazi ya 4, ya 5 na ya 6 zinazosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, yaani NACTVET. Hata akishafaulu, hana ruhusa ya kufanya kazi ya uuguzi mpaka asajiliwe na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, kwa mujibu wa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Hii ni elimu ya ufundi. Anayeijua nadharia yote lakini mikono yake haijazoea, bado hajahitimu machoni petu.

Katika masomo yake yote, la magonjwa ya ndani na upasuaji ndilo pana kuliko mengine. Humo mna presha, kisukari, kiharusi, nimonia na kifua kikuu. Mna henia, kidole tumbo, tezi dume na utumbo uliojisokota. Mna paja lililovunjika, majeraha ya moto, na kidonda cha mguu cha mwenye kisukari ambacho hakitaki kufunga. Rungwe nayo huongeza yake. Barabara inayotoka Uyole kupitia Kiwira na Tukuyu kwenda mpaka wa Kasumulu ina kona, ina ukungu, ina malori ya Malawi na ina bodaboda, na matokeo yake tunayapokea. Msimu wa parachichi huleta walioanguka mtini. Baridi ya Juni na Julai huleta waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 uliikuta Mbeya na maambukizi ya Virusi vya Ukimwi ya asilimia 9.6 kwa watu wazima, wakati wastani wa Tanzania ulikuwa asilimia 4.4, kwa hiyo mwanafunzi wa wodi ya magonjwa ya ndani hapa hukutana na mgonjwa wa aina hiyo tangu siku zake za mwanzo. Kwa kujifunza, ni mahali pazuri mno. Tatizo ni namna anavyojifunza.

Tumchukue mgonjwa wa kawaida, mkulima aliyefanyiwa upasuaji wa henia iliyobana, akarudishwa wodini saa tisa alasiri. Mwanafunzi ameshafundishwa darasani kwamba mgonjwa huyu apimwe kila dakika 15 katika saa ya kwanza, kisha kila nusu saa, kisha kila saa kadiri hali inavyotulia. Anafunga mkanda wa presha, anaandika namba, anaondoka. Kwenye karatasi kazi imefanyika. Lakini je, amemwona mgonjwa?

Mtu mzima mwenye nguvu anayevuja damu tumboni anaweza kuonyesha presha nzuri kwa muda mrefu, huku mapigo yakipanda kutoka 88 kwenda 104 kwenda 122. Presha ikija kushuka, muda umekwisha kwenda. Namba moja haionyeshi hilo, linaonekana kwenye mfululizo wa namba, na kijana wa miaka 19 hujifunza kuusoma mfululizo huo mtu mzoefu anapoweka kidole kwenye chati na kumwuliza, "Hapa unaona nini?" Ndivyo ilivyo pia kwa ngozi ya baridi. Vitabu vinasema ngozi ya baridi ni dalili ya hatari. Tukuyu mwezi Julai kila mtu ana vidole vya baridi, hata aliyekuja kumwona mgonjwa. Hapo muuguzi wa Rungwe humwonyesha mwanafunzi kwamba ukucha hautoshi. Bonyeza ngozi juu ya mfupa wa kifua, achia, uhesabu damu inarudi baada ya muda gani. Ikizidi sekunde 2 au 3, rudi kwenye mapigo, rudi kwenye bandeji, inua shuka utazame chini ya mgongo, kwa maana damu hutiririka kufuata mteremko na bandeji ya mbele inaweza kuwa kavu kabisa.

Kisha mkojo. Mtu mzima anatakiwa atoe angalau nusu mililita kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa. Mwenye kilo 60 ni mililita 30. Ukipungua hapo kwa saa mbili mfululizo, usingoje raundi ya asubuhi, mwite daktari. Lakini kwanza tazama kama mpira wa mkojo haukujikunja chini ya paja. Kisha dripu. Lita moja ndani ya saa 8, kwa seti inayotoa matone 20 kwa mililita, ni takribani matone 42 kwa dakika. Hesabu hiyo mwanafunzi aliifanya kwenye mtihani akapata maksi zote. Wodini hakuna pampu, kuna saa yake ya kifuani. Mgonjwa amekunja kiwiko, dripu imesimama tangu saa kumi, na chupa iliyotakiwa kuisha usiku wa manane bado imejaa. Ndugu wa mgonjwa, kwa nia njema kabisa, anaifungulia yote ili "iwahi kuisha". Tumeyaona haya. Hayamo kwenye kitabu chochote, na hayafundishwi na mtu aliyeko ofisini.

Lipo jingine ambalo wauguzi tunalijua na hatupendi kulisema. Pitia chati za wodi yoyote iliyozidiwa na kazi, uangalie safu ya upumuaji. Utakuta 20, 20, 20, kitanda hadi kitanda, asubuhi hadi jioni. Kuhesabu pumzi kunataka dakika nzima ya kusimama kimya huku ukitazama kifua, na mwenye wagonjwa wengi kupita kiasi haioni dakika hiyo ataitoa wapi. Mwanafunzi anaiona namba, anaiiga, na baada ya wiki mbili anaamini kwamba binadamu wote hupumua mara 20. Wakati kupumua haraka ni moja ya dalili za mwanzo kabisa kwamba mgonjwa anazidiwa. Ukimfundisha kijana kuhesabu pumzi kwa uaminifu katika mwezi wake wa kwanza wodini, umempa zana atakayoitumia miaka yote ya kazi. Ukimwacha aige, umeharibu muuguzi ambaye serikali na wazazi wake wamemsomesha kwa gharama kubwa.

Tunasisitiza uangalizi huu kwa sababu ya mahali tulipo. Kutoka Tukuyu hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ni takribani kilomita 70 za milima, na mvua ya masika haiulizi nani yumo ndani ya gari la wagonjwa. Mgonjwa aliyegunduliwa saa mbili usiku kwamba anabadilika ana nafasi ya kurudishwa chumba cha upasuaji hapahapa, au kupewa rufaa akiwa bado na nguvu za kuvumilia safari. Aliyegunduliwa saa kumi alfajiri ana nafasi ndogo zaidi, na gari ni lilelile.

Sasa tuseme mwanafunzi hutumiwaje. Katika wodi nyingi zenye upungufu wa watumishi, akifika tu huonekana ni mikono iliyoongezeka. Hutumwa maabara na sampuli, hutumwa famasi, husukuma kitanda kwenda eksirei, hutandika, hupanga mafaili. Kazi hizi si aibu, na muuguzi asiyejua kutandika kitanda chenye mgonjwa ndani yake hatufai. Lakini mtu aliyekuja kujifunza kumwangalia mgonjwa aliyetoka kupasuliwa, akamaliza wiki sita bila kumwangalia hata mmoja kuanzia anapopokelewa hadi anapokaa mwenyewe kitandani, amefanya kibarua bila malipo. Usiku hali huwa mbaya zaidi. Muuguzi mmoja, wagonjwa wengi, wanafunzi wawili. Muuguzi akiitwa kwa dharura upande mmoja, upande wa pili unabaki na wanafunzi. Likitokea la kutokea, nani atajibu? Mwanafunzi hana leseni. Mwenye leseni hakuwepo. Jina la mgonjwa ndilo linalobaki kwenye rejista.

Wanaodhani tunalia lia wenyewe tunawaomba watazame utafiti mkubwa uliofanywa na Linda Aiken na wenzake, ukachapishwa mwaka 2014 katika jarida la Lancet. Walichunguza wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 420,000 katika hospitali 300 za nchi 9 za Ulaya. Waliona kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi huongeza kwa asilimia 7 uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 tangu kulazwa, na kwamba hospitali zenye wauguzi wengi zaidi wenye shahada zilipoteza wagonjwa wachache zaidi. Hizo ni hospitali zenye pampu, mashine za kufuatilia mapigo na damu ya kutosha benki. Sisi tunaohesabu matone kwa saa ya kifuani, elimu ya muuguzi na idadi ya wagonjwa wake vina uzito mkubwa zaidi kwetu.

Wala kumlipa anayefundisha wodini si wazo jipya tulilobuni Tukuyu. Florence Nightingale alipofungua shule yake katika hospitali ya St Thomas, London, mwaka 1860, mfuko uliobeba jina lake uliwalipa masista wa wodi kwa kazi ya kuwafundisha wanagenzi, juu ya mshahara wao wa uuguzi. Kila tarehe 12 Mei tunawasha mishumaa na kurudia kiapo kwa heshima yake. Tungependa na hili la malipo nalo likumbukwe siku hiyo, hata kama ni baada ya keki.

Tuje kwenye jambo la hapa kwetu, ambalo mtaala wa taifa hauwezi kulijua. Hospitali zetu, kama nyingi nchini, humtegemea ndugu wa mgonjwa: ndiye anayemwogesha, anayemlisha, anayesaidia kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia. Mwanafunzi kutoka mkoa mwingine anamkuta mzee aliyevunjika paja, amefungwa uzito wa kuvuta mguu, na nje ya mlango amesimama mwanamke aliyeletwa kumhudumia, ameinamisha uso, haingii. Mwanafunzi anaandika kwamba ndugu hashirikiani. Muuguzi mwenyeji anajua kwamba yule ni mkwe, mke wa mtoto wa yule mzee, na kwamba kwa desturi ya Wanyakyusa mkwe wa kike humkwepa baba mkwe wake. Hamtazami, halitaji jina lake, sembuse kumvua nguo na kumgeuza. Desturi hiyo imelegea katika nyumba nyingi, lakini haijafa, hasa kwa wazee wa vijijini. Mgonjwa huyu atageuzwa na muuguzi au hatageuzwa. Mwanafunzi akilijua hilo siku ya kwanza, mgongo wa mzee utapona. Asipolijua, tutaliona kwenye makalio yake baada ya siku nne. Nani wa kumwambia, kama msimamizi wake yuko wodi ya pili?

Lugha nayo. Masomo na mitihani ni kwa Kiingereza, chati ni kwa Kiingereza, wagonjwa huumwa kwa Kiswahili, na baadhi ya bibi zetu huumwa kwa Kinyakyusa peke yake. Tumesimamia wanafunzi wanaoweza kuandika ukurasa mzima juu ya aina za maumivu lakini wanasimama mbele ya bibi wakiwa hawana swali. Hatudai mtaala ubadilishwe kesho. Tunaomba tu wakufunzi wakubali kwamba wakati wa kuulizwa kando ya kitanda, mwanafunzi ajieleze kwa Kiswahili. Asiyeweza kumwambia mgonjwa kwa lugha ya kueleweka kwa nini akohoe baada ya upasuaji wa tumbo, huku akiushikilia mshono kwa mto, hajalielewa. Na kijana mgeni ajifunze walau salamu. "Ugonile" ya asubuhi imefungua midomo ambayo dodoso la kurasa tatu lilishindwa kuifungua.

Hapa tunataka kusema na wagonjwa wetu. Mna haki ya kuambiwa kwamba anayewahudumia ni mwanafunzi, na mna haki ya kukataa. Tunawaomba msikatae kwa haraka, maana kila muuguzi mnayemwamini leo aliwahi kutetemeka na sindano mkononi. Lakini sisi nasi tumeweka mpaka. Mwanafunzi akijaribu kuweka kanula mara mbili ikashindikana, anaacha na kumwita msimamizi; mkono wa mgonjwa si uwanja wa mazoezi kwa darasa zima. Kuwekwa mpira wa mkojo, kuogeshwa, kuoshwa kidonda cha sehemu za siri, kufanyike pazia limefungwa, mwanafunzi mmoja na msimamizi mmoja, wala wasijae sita wakimzunguka mzee wa watu kana kwamba amekufa.

Kuhusu wanafunzi, lipo la haraka zaidi ya yote. Asiingie wodini mwanafunzi ambaye hajachanjwa homa ya ini aina ya B. Na anayejichoma sindano iliyotumika aseme hapohapo. Dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi lazima zianze mapema iwezekanavyo, si zaidi ya saa 72, na zimezwe kwa siku 28. Vijana huficha kwa kuogopa kugombezwa, au kwa kuogopa kuonekana hawafai. Tunatamka kwamba hakuna mwanachama wetu atakayemgombeza mwanafunzi aliyekuja kutoa taarifa ya kujichoma, na anayefanya hivyo aletwe mbele ya chama. Glavu za mwanafunzi nazo zitolewe na chuo chake. Si haki ndugu wa mgonjwa aliyeuza mkungu wa ndizi anunue glavu za mtu kujifunzia.

Tunachoomba kwa uongozi wa hospitali na vyuo ni kidogo na kinawezekana. Rosta ya kila wodi inayopokea wanafunzi itaje msimamizi wa kila zamu kwa jina, na siku hiyo msimamizi huyo apangiwe wagonjwa wachache kuliko wenzake. Msimamizi mmoja asipewe zaidi ya wanafunzi 6 kwa zamu. Vyuo vinavyotumia hospitali moja vikae pamoja kabla ya muhula, vigawane wiki, wanafunzi wasitujie wote mwezi mmoja na kisha wodi ikakaa miezi miwili bila hata mmoja. Zamu ya usiku mwanafunzi aje, kwa sababu usiku ndio mgonjwa hubadilika, lakini asihesabiwe. Mkufunzi wa chuo afike wodini kila wiki, akiwa na sare, amshike mgonjwa mbele ya wanafunzi wake. Asije kukusanya mahudhurio tu. Na posho ya usimamizi, iwe ndogo kiasi gani, iandikwe kwenye makubaliano kati ya chuo na hospitali, imfikie aliyefundisha.

Tunajua tutajibiwa kwamba watumishi hawatoshi, kwa hiyo hakuna wa kupunguziwa wagonjwa. Jibu hilo tunaliheshimu, tunaishi nalo. Lakini wilaya hiihii ina wahitimu wa uuguzi wenye leseni waliokaa nyumbani wakisubiri ajira, wengine wakijitolea kwa nauli tu. Nchi yenye wauguzi wasio na kazi na wodi zisizo na wauguzi haina upungufu wa watu; ina upungufu wa nafasi zilizolipiwa. Mpaka hapo nafasi zitakapofunguliwa, tunapendekeza wahitimu hao wanaojitolea wapewe kwanza mafunzo ya usimamizi na wapangiwe wanafunzi, chini ya muuguzi wa wodi, kwa posho inayoeleweka.

Kwa upande wetu tunafunga mkataba na umma. Kitabu cha mazoezi ambacho kila mwanafunzi hubeba, wanachokiita logibuku, kina safu ya sahihi ya aliyeshuhudia: kubadili bandeji ya kidonda cha upasuaji, kuweka mpira wa kulishia, kumwandaa mgonjwa kwa upasuaji, kumpokea akirudi. Kuanzia muhula ujao mwanachama wetu hatasaini jambo ambalo hakuliona kwa macho yake, na hatasaini kurasa kumi kwa mpigo siku ya mwisho ya mafunzo hata akiletewa maziwa ya Rungwe lita tano. Katika chumba cha upasuaji, mwanafunzi wa ngazi ya 6 atapewa nafasi ya kusoma kwa sauti orodha ya usalama iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008, vipengele vyake 19, kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatolewa. Tunataka azoee mapema kumsimamisha daktari bingwa na kumuuliza pamba zimehesabiwa ngapi. Madaktari tuliozungumza nao wamekubali. Mmoja alicheka kwanza.

Wazazi, tunafahamu mzigo wenu wa ada, pango la chumba, sare, viatu na nauli. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imeanza kukopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada, zikiwemo baadhi za afya. Fuatilieni mapema, msiridhike na maneno ya mitaani. Mtoto akirudi likizo, mbali na kumwuliza amepata ngapi, mwulizeni alimhudumia nani, na nani alisimama naye.

Tamko hili tumelikabidhi kwa maandishi kwa uongozi wa afya wa wilaya na kwa wakuu wa vyuo vinavyoleta wanafunzi katika wodi zetu, na tumeomba kikao cha pamoja kabla ya kundi lijalo kuingia. Wanafunzi watume wawakilishi wao wawili kwenye kikao hicho, wa kike na wa kiume, na waje na logibuku zao.

Limetolewa Tukuyu, Wilaya ya Rungwe, na wauguzi wasimamizi wa mafunzo kwa vitendo, wodi za magonjwa ya ndani na upasuaji.